Tromsø hadi Longyearbyen: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege

Binti wa dada yangu alipopata nafasi ya kusoma muhula mmoja UNIS, kituo cha elimu ya juu kilichoko Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, swali lake la kwanza halikuhusu baridi. "Shikamoo mjomba. Hivi kutoka Tromsø mpaka Longyearbyen ni mbali kiasi gani?" Nilifungua ramani ya simu, nikaweka vidole viwili juu ya kioo, nikalinganisha na njia ninayoijua, nikamjibu kwamba ni zaidi kidogo ya Nairobi hadi Johannesburg. Saa nne hewani, nikasema.

Jibu sahihi ni theluthi moja tu ya hapo. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,900 kwa ndege. Kutoka Tromsø hadi Longyearbyen ni kilomita 957. Ramani bapa ndiyo iliyonipoteza, na huwapoteza wengi. Kadiri unavyosogea kaskazini, ramani hizo huinyoosha nchi ili mistari yote isimame wima. Pale Tromsø kila kitu kimekuzwa karibu mara tatu ya kilivyo Ikweta, na pale Longyearbyen karibu mara tano. Ukipima kwa vidole, unapima ule mnyoosho, hupimi ardhi.

Hapa chini ni namna ya kupata jibu mwenyewe kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Zipo kurasa za mtandao zinazokupa kilomita na saa kwa kubofya mara moja, na si mbaya kuzitumia kuhakiki. Lakini msafiri anahitaji namba tatu, na kurasa hizo humpa mbili tu: umbali, na muda wa ndege kuwa njiani. Ya tatu, muda wa safari yenyewe kutoka mlango mmoja hadi mwingine, ndiyo inayoamua kama utawahi au utalala kwenye viti vya uwanja wa ndege. Kaskazini ya mbali namba hii ya tatu huuzidi kwa mbali muda wa ndege kuwa njiani.

Hatua ya 1: Hakikisha viwanja ni vyenyewe

Svalbard si mji. Ni funguvisiwa la Norway, katikati ya bara na Ncha ya Kaskazini, na Longyearbyen ndio mji wake mkubwa, wenye watu kama 2,500. Uwanja wake wa ndege una alama ya LYR kwenye tiketi, na marubani huuita ENSB. Tromsø, ulioko kaskazini mwa Norway bara karibu kilomita 350 ndani ya Mzingo wa Aktiki, ni TOS kwenye tiketi na ENTC kwa marubani. Andika herufi hizi juu ya karatasi yako kabla ya kitu kingine chochote. Ukitafuta "Svalbard" au "Norway" bila kutaja uwanja, programu nyingi hupima kutoka katikati ya nchi au ya visiwa, na utapata namba isiyolingana na safari ya mtu yeyote.

Sasa chukua mahali pa kila uwanja kwa latitudo na longitudo. Ukibonyeza na kushikilia juu ya uwanja kwenye ramani ya simu, namba hizo zitatokea. Kwa nyuzi na dakika ni hivi:

Tromsø: 69°41′ Kaskazini, 18°55′ Mashariki.
Longyearbyen: 78°15′ Kaskazini, 15°28′ Mashariki.

Simu ikikupa desimali, kwa mfano 69.683, usiusome mkia wake kama dakika. Zidisha hiyo 0.683 kwa 60, utapata dakika 41. Kosa hili ni dogo kwa macho, lakini linaweza kukuongezea kilomita hamsini.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umbali kwa maili za baharini

Hesabu hii nimeipendea jambo moja: ni urithi wa wanamaji. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Ndiyo maana mpaka leo marubani huhesabu kwa maili hizo na kwa fundo, kama nahodha wa meli. Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha bila fomula yoyote.

Anza na tofauti ya latitudo. 78°15′ kutoa 69°41′ ni 8°34′. Nyuzi 8 ni dakika 480, ongeza 34, unapata 514. Basi kwenda kaskazini ni maili 514 za baharini.

Kisha tofauti ya longitudo. 18°55′ kutoa 15°28′ ni 3°27′, yaani dakika 207. Hapa simama kwanza. Dakika hizi 207 si maili 207, kwa sababu mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha za dunia. Pale Ikweta imeachana kikamilifu, kwa hiyo kutoka nyuzi moja hadi nyingine kuna kilomita 111. Mombasa au Dodoma utaona tofauti ndogo tu na hapo. Lakini Longyearbyen, uzi mmoja wa longitudo una kilomita 23 hivi. Mtu anayetembea vizuri, akianza alfajiri, angeuvuka kabla ya jua kuzama, kama jua la huko lingekuwa linazama kwa utaratibu tunaoujua.

Kurekebisha, chukua latitudo ya katikati ya viwanja viwili. Kati ya 69°41′ na 78°15′ ni karibu nyuzi 74. Laza simu ubavu ili kikokotoo kioneshe vitufe vya ziada, andika 74, bonyeza cos. Utapata 0.276. Kabla ya hapo jaribu na 60: ikikupa 0.5 uko sawa. Ikikupa namba nyingine, kikokotoo kimewekwa kwenye kipimo kisicho cha nyuzi, tafuta kitufe cha kukibadilisha. Zidisha 207 kwa 0.276, unapata maili 57 kuelekea magharibi.

Sasa una pembetatu ile ya darasani: 514 kwenda juu, 57 kwenda kando. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. 264,196 na 3,249 ni 267,445, na kipeuo chake ni 517. Hizo ni maili 517 za baharini. Zidisha kwa 1.852 na kilomita 957 zimetimia.

Ukikuta ukurasa mmoja unasema 957 na mwingine 961, usidhani mmoja umekosea. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, na nyuzi za latitudo huko juu ni ndefu kidogo kuliko za Ikweta. Anayeihesabu dunia kama mpira hupata namba ya kwanza, anayehesabu umbo lake halisi hupata ya pili. Kwa msafiri, kilomita nne hizo ni kama dakika moja ya ndege kuzunguka kabla ya kutua.

Kwa kulinganisha na kitu cha kwetu: Dar es Salaam hadi Mwanza ni karibu kilomita 850 kwa njia ya hewa, Dar es Salaam hadi Bukoba kama 1,025. Safari yetu iko katikati ya hizo mbili. Nilipomweleza mpwa wangu hivyo alishusha pumzi. Mwanza anaijua.

Njia hii ya pembetatu inafaa sana pale viwanja vinapokuwa kimoja juu ya kingine, yaani kusini na kaskazini. Vikiwa vimetengana sana kwa longitudo, na viko juu ya nyuzi 60, kosa huanza kuingia, maana njia fupi kabisa hujipinda kuelekea ncha. Nitaonesha mfano huko chini.

Hatua ya 3: Geuza maili kuwa dakika

Ndege za abiria zinazotumika sana kwenye njia hii ni za ukubwa wa Boeing 737. Ikiwa juu, ndege kama hiyo husafiri kwa karibu fundo 450, yaani maili 450 za baharini kwa saa, kilomita 830 na kitu. Gawanya 517 kwa 450, zidisha kwa 60: dakika 69.

Lakini hakuna ndege inayoanza safari ikiwa na fundo 450. Inasogea taratibu kutoka kwenye maegesho, inasubiri zamu, inapaa kwa kasi ndogo, na ikikaribia inashuka tena taratibu, inazunguka kujiweka sawa na njia ya kutulia, kisha inajikokota hadi kwenye jengo. Kwa ndege ya ukubwa huu na safari ya saa moja au mbili, ongeza dakika 30. Ninatumia kanuni hii mara nyingi na haijanitupa mbali. 69 na 30 ni 99. Sema saa 1 na dakika 40, na ndivyo ratiba za njia hii zinavyosema, ukipishanisha dakika chache.

Fahamu kwamba muda wa tiketi huanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Magurudumu yakiwa hewani ni kama dakika 85 tu.

Ndege ndogo za rafadha zinataka hesabu nyingine. Kutoka Longyearbyen kwenda Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, ni kama kilomita 110, na kazi hiyo hufanywa na Dornier 228 yenye viti visivyofika ishirini kwa dakika 25 hivi. Hakuna barabara kati ya vijiji vya Svalbard, hata moja. Ndege hiyo ni ya watafiti na wafanyakazi, kwa hiyo mtalii asiiweke kwenye mipango yake.

Hatua ya 4: Ongeza upepo, kisha uheshimu uwanja

Rubani ana kasi mbili: kasi ya ndege ndani ya hewa, na kasi yake juu ya ardhi. Upepo ukitoka mbele, ule ambao wanamaji wa pwani wanauita upepo wa mbisho, kasi ya juu ya ardhi hupungua. Chukua mbisho wa fundo 60: 450 inakuwa 390, na maili 517 zinachukua dakika 80 badala ya 69. Upepo huohuo ukisukuma kutoka nyuma, dakika zinashuka hadi 61. Kwa hiyo kwenye safari hii upepo mkali unakupa au kukunyang'anya dakika kumi hivi. Kwa kuwa pepo za juu za kaskazini mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege hii inaelekea kaskazini, huwa zinaipiga ubavuni zaidi. Ndiyo maana muda wa kwenda na wa kurudi haupishani sana, tofauti na safari za kuvuka Atlantiki.

Wakati wa baridi kuna pia kunyunyizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kupaa. Inaweza kuchukua dakika kumi, inaweza kuchukua nusu saa kukiwa na foleni. Hii usiilalamikie kamwe. Bawa lenye barafu halishiki hewa.

Jambo zito zaidi ni uwanja wenyewe. Ule wa Longyearbyen ulifunguliwa 1975. Umejengwa juu ya ardhi iliyoganda chini kwa chini mwaka mzima, na juu ya ardhi hiyo lami huinuka na kushuka kadiri udongo unavyoganda na kuyeyuka, kwa hiyo hutengenezwa mara kwa mara. Njia yake ni karibu mita 2,500, kando ya bahari ya Isfjorden, na milima imeuzunguka. Mnamo 29 Agosti 1996 ndege ya Kirusi aina ya Tu-154 iliyokuwa ikijiandaa kutua hapo iligonga mlima Operafjellet, na watu wote 141 waliokuwemo wakafariki. Nalitaja kwa heshima, na kwa sababu moja: ukisikia rubani akitangaza kwamba ukungu umefunika na atasubiri, mwache asubiri.

Na akishindwa kutua? Hapa ndipo neno "mbali" linapopata maana yake. Ukishindwa kutua Mwanza unaweza kupelekwa Kilimanjaro. Ukishindwa kutua Longyearbyen, uwanja mwingine unaofaa ndege kubwa uko bara, ulikotoka. Ndege huondoka ikiwa na mafuta ya kufika, kuzunguka, na kurejea. Piga hesabu: dakika 85 za kwenda, 30 za kuzunguka juu ya ukungu, 85 za kurudi. Unaweza kukaa hewani zaidi ya saa tatu na ukashuka palepale ulipopandia. Umbali uliosafiri ni karibu kilomita 1,900, na maendeleo yako ni sifuri. Hakuna ukurasa wa kupima umbali utakaokwambia hilo.

Hatua ya 5: Soma saa kwa makini, hasa ukiwa Mswahili

Tiketi huandika saa za mahali husika, kwa mtindo wa saa 24. Ndege ikiandikwa kuondoka 11:55, kwetu hiyo ni saa sita kasoro dakika tano mchana. Ikifika 13:35 ni saa saba na dakika thelathini na tano. Tromsø na Longyearbyen zinatumia saa zilezile, kwa hiyo ukitoa unapata muda wa tiketi moja kwa moja: saa 1 na dakika 40. Nyumbani Dar es Salaam au Nairobi tuko mbele yao kwa saa mbili wakati wa baridi yao, na saa moja tu wakati wa kiangazi, maana wao husogeza mishale mwishoni mwa Machi na kuirudisha mwishoni mwa Oktoba. Sisi hatuigusi.

Sasa tazama jambo hili, ambalo limenikaa moyoni tangu nianze kumpangia mtoto safari. Saa zetu zimefungwa kwenye jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kupambazuka, saa kumi na mbili jioni jua linazama, na karibu na Ikweta utaratibu huo haubadiliki mwaka mzima. Longyearbyen jua halizami kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi baada ya katikati ya Agosti. Kisha kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi kabisa. Mtu anayesoma "07:00" hawezi kuchungulia dirishani akajua kama ni asubuhi au jioni. Mpwa wangu alikwenda Januari. Alinipigia akasema ameamka saa mbili, nikamuuliza ya asubuhi au ya usiku, naye akalazimika kutazama simu kabla ya kunijibu.

Kwa hiyo ukifika huko, weka simu kwenye saa 24, na ukiwaandikia watu wa nyumbani taja namba za tiketi pamoja na saa ya Kiswahili, zote mbili. Ndugu anayekuja kukupokea saa 01:35 anapaswa kujua kuwa ni saa saba na dakika thelathini na tano usiku, na kwamba tarehe tayari imebadilika.

Mahali ambapo saa za viwanja viwili zinatofautiana, kutoa tu hakutoshi. Mfano mzuri ni Iqaluit, kaskazini mwa Kanada, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland, miji ambayo Air Greenland imewahi kuiunganisha kwa ndege ya rafadha aina ya Dash 8. Iqaluit iko 63°45′ Kaskazini na 68°33′ Magharibi. Nuuk iko 64°11′ Kaskazini na 51°41′ Magharibi. Tofauti ya latitudo ni dakika 26 tu. Ya longitudo ni 16°52′, yaani dakika 1,012, ambazo kwa cos ya nyuzi 64 zinakuwa maili 444. Pembetatu inakupa maili 445, kilomita 824. Hesabu kamili ya mviringo wa dunia inatoa 822. Umeona kosa nililolitaja linavyoingia. Viwanja vikiachana kwa nyuzi 60 au 90 za longitudo lingekuwa kubwa, na hapo tumia programu au uzi uliovutwa juu ya tufe la dunia.

Dash 8 huenda kama fundo 275. Kwa maili 445 ni dakika 97, na ukiongeza dakika 20 za kupaa na kutua, kwa kuwa ndege hii haipandi juu sana, unakaribia saa mbili. Nuuk iko mbele ya Iqaluit kwa saa tatu. Ukiondoka Iqaluit 12:00, utatua Nuuk 17:00. Ukirudi na kuondoka Nuuk 12:00, utafika Iqaluit 11:00, saa moja kabla ya muda ulioondoka. Safari ni ileile. Kuna majuma machache Machi na mwishoni mwa Oktoba ambapo tofauti hiyo inakuwa saa mbili, kwa sababu Greenland hufuata tarehe za Ulaya za kubadili saa na Kanada ina zake. Ukisafiri kipindi hicho, hakiki mara mbili.

Hatua ya 6: Jumlisha safari nzima

Rudi Tromsø. Fika uwanjani saa mbili kabla. Kwa safari nyingine za ndani ya Norway muda huo ungekuwa mwingi, lakini hii si ya ndani kwa maana ya pasipoti. Svalbard iko chini ya Norway, ila haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kati yao. Abiria wote hukaguliwa pasipoti kabla ya kuondoka bara, na wanaotoka Oslo kwa ndege inayopitia Tromsø hushushwa hapo, wakapita dirishani, wakapanda tena.

Kutokana na hilo kuna jambo ambalo lingetuharibia safari. Svalbard yenyewe haidai viza kwa raia wa nchi yoyote. Wakala mmoja aliposikia hivyo alituhakikishia kwamba viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha. Haitoshi. Unaingia Schengen unapofika Ulaya, unatoka unapopanda ndege ya Longyearbyen, na unaingia tena unaporudi. Hizo ni mara mbili. Mwenye viza ya mara moja anafika Svalbard vizuri, ila njia yake ya kurudi nyumbani inapita kwenye mlango ambao hana tena ruhusa ya kuufungua. Tuligundua mapema, tukaomba ya kuingia zaidi ya mara moja. Kama una pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, isome viza yako sehemu ya idadi ya kuingia kabla hujalipia tiketi.

Hesabu ya mlango kwa mlango kutoka mjini Tromsø ni hii: nusu saa kufika uwanjani na kutua mizigo, saa mbili za kusubiri na kukaguliwa, saa 1 na dakika 40 za ndege, nusu saa ya kupokea mabegi, na robo saa ya basi. Karibu saa tano. Ndege yenyewe imechukua theluthi moja tu.

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Utaunganisha kupitia Doha, Istanbul, Amsterdam au mji mwingine kama huo hadi Oslo, kisha Tromsø, au Oslo moja kwa moja hadi Longyearbyen, ambayo ni zaidi kidogo ya kilomita 2,000 na karibu saa tatu. Ushauri wangu hapa ni wa dhati: lala usiku mmoja Oslo au Tromsø kabla ya mruko wa mwisho, hasa kama tiketi zako zimenunuliwa mbalimbali. Ndege ya kwanza ikichelewa na tiketi ni moja, shirika linabeba jukumu la kukufikisha. Tiketi zikiwa mbili, la pili halikujui. Na ndege za Longyearbyen si mabasi ya Morogoro. Ukikosa ya leo huenda inayofuata ni kesho, na kesho ikiwa na dhoruba ni keshokutwa. Wakati wa kurudi acha siku moja nzima kati ya kutoka Svalbard na ndege kubwa ya kurudi nyumbani.

Hatua ya 7: Hakiki hesabu yako ukiwa ndani ya ndege

Magurudumu yakiachana na ardhi, andika saa. Yakigusa tena, andika. Linganisha na dakika 85. Mpwa wangu aliandika 91, na rubani alikuwa ametangaza upepo wa mbele. Sasa ana kipimo chake mwenyewe cha njia ile.

Ukiwa na kiti cha dirishani, na kama ni miezi ya mwanga, tazama mlima ulio juu ya uwanja wakati wa kutua. Kwenye mteremko utaona mlango wa zege umechomoza peke yake. Ni ghala la mbegu la dunia, ambamo akiba za mbegu kutoka nchi nyingi, zikiwemo za Kenya, huhifadhiwa ndani ya mlima ulioganda. Lilipozinduliwa 26 Februari 2008, Wangari Maathai alikuwepo, na pamoja na Waziri Mkuu wa Norway Jens Stoltenberg waliingiza sanduku la kwanza. Wageni hawaingii ndani, lakini mlango unaonekana.

Mji uko kama kilomita tano kutoka hapo. Basi husubiri kila ndege inayotua, hata ikichelewa, na hupita kwenye hosteli na hoteli moja baada ya nyingine. Panda hilo. Usitembee kwa miguu na begi lako hata kama hali ya hewa ni njema, kwa sababu nje ya makazi ni eneo la dubu weupe na wenyeji hawatoki bila silaha ya kujikinga.